Msikilizaji Yupo

Mpitisho niliuandika mimi. Nalisema mapema, maana hapa Rungwe wapo watakaokuapia kwamba uliletwa na wataalamu wenye miwani kutoka ng'ambo. Niliuandika mimi, Tusekile Mwaipopo, katika chumba cha juu cha jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la kahawa, mvua ikigonga bati na chai ikipoa pembeni. Niliuandika kwa JavaScript, lugha ambayo watu wamekuwa wakiitabiria kifo tangu bibi yangu akiwa msichana, nayo imewazika watabiri wote. Kama huko ni kujivuna, basi najivuna. Sijaona sheria inayokataza.

Kwa hiyo Mkaguzi wa serikali aliponitumia ujumbe kwamba anakuja kuondoa kipande cha Mpitisho, sikumfungia mlango. Nilimwandalia chai.

"Karibu, Bwana Mkaguzi. Umelowa."

"Nimekaribia, dada. Nilikuwa nimesahau mvua ya kwetu."

Alisema "ya kwetu", nikamtazama vizuri. Jina lake lilikuwa Anyelwisye, mtu wa Masoko kabisa, ila Dodoma ilikuwa imemkausha na kumvisha suti. Kabla hajakaa, ukuta wa ofisi ukasema kwa upole, "Mgeni anasikia baridi," na jiko la umeme likajiwasha miguuni pake. Akaruka kidogo, kisha akacheka.

"Mara hii umeshausikiliza mwili wangu?"

"Si mimi. Ni kazi yangu."

Chini ya mtulinga wake, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, kama ilivyo kwa kila mtu siku hizi, kulikuwa na kitoa, kidogo kama punje ya mchele. Kazi ya kitoa ni kupiga kelele tu: baridi, njaa, homa, nimeanguka. Hakijui nani anasikia wala hakijali. Ukutani kwangu kuna kitoa kingine. Viwili hivyo havijuani hata kidogo. Mpitisho ndio unaosimama katikati. Unalidaka tukio linapotoka huku na kulitoa upya kule, kwa jina lilelile na maelezo yaleyale, kana kwamba limezaliwa kule.

"Ni hivyo tu?" Mkaguzi aliuliza.

"Ni hivyo tu. Ukurasa mmoja haujai. Ugumu uko katika kujua kipi kisipite."

Nikamsimulia habari ya mawifi wa Kyimo, maana huwa siwezi kujizuia. Toleo la kwanza lilipitisha kila kitu, pande zote. Mawifi wale wakaunganisha nyumba zao, huyu apitishe kwa yule na yule apitishe kwa huyu. Mmoja akapiga chafya. Ukuta wake ukasema "pole" na kuipitisha chafya kwa wifi, ukuta wa wifi nao ukasema "pole" na kuirudisha chafya ilikotoka. Nyumba zile mbili zilipeana pole kutwa nzima mpaka nikapanda pikipiki kwenda kuzizima kwa mkono. Tangu hapo kila tukio linabeba alama ya lilikozaliwa, na likirudi mlangoni kwake linakataliwa.

Mkaguzi alicheka mpaka akatoa leso. Nilianza kumpenda, jambo ambalo halikunifaa, kwa sababu aliporudisha leso mfukoni alisema, "Haya, dada. Sasa nionyeshe hicho unachokiita Kiti."

*

Sheria mpya ilikuwa fupi kama Mpitisho wenyewe: kila tukio lipite mara moja, lilivyo, bila kuzuiwa na mtu yeyote. Habari ni ya mwenyewe. Mimi naitii katika matukio yote, isipokuwa moja.

Kabla ya Kiti, mama mmoja wa Kiwira alikuwa anaepua sufuria la ndizi jikoni, ukuta wake ukasema, kwa sauti ileile inayotangaza baridi, kwamba mwanawe amefariki. Makovu ya kuungua ya mama yule nimeyaona. Nilirudi ofisini na hasira, nikaketi mbele ya kioo cha kompyuta, na humo ndani ya hasira nikakumbuka tabia moja ya JavaScript.

Nilimgeuzia Mkaguzi kioo ili aone. Katika lugha hii, matukio karibu yote yakitolewa pasipo msikilizaji hupita kimya. Chafya isiyosikika na mtu haimuumizi mtu. Lakini kuna tukio moja lisilovumilia: kosa. Kosa likitolewa mahali pasipo na msikilizaji, programu nzima inaanguka. Haiulizi, haisubiri, inaanguka palepale na kila kilichokuwa kinafanya kazi ndani yake.

"Na wewe umeandika kifo kiwe kama kosa," akasema huku akisoma. "Naona hapa. Kifo si kosa la mtu, dada Tusekile."

"Sikusema ni kosa la mtu. Nimesema kina tabia ile. Ukikitoa pasipo msikilizaji, unaangusha nyumba."

Akaendelea kusoma, nami nikaendelea kumweleza, ingawa mtoto wa Masoko hakuhitaji kuelezwa. Kwetu hakuna anayesimama mlangoni akasema fulani amekufa. Mleta habari anaingia, anasalimia, anaomba maji ya kunywa. Maji yanamfanya mwenyeji aweke chini alichoshika, iwe panga, iwe sufuria, iwe mtoto. Mgeni anakunywa taratibu. Anamwomba mwenyeji naye akae. Hapo ndipo anasema. Mimi nilichofanya ni kuigeuza desturi hiyo kuwa programu, nikaiita Kiti. Tukio la kifo likifika, Mpitisho haulipeleki ukutani. Unamtafuta binadamu, unamwambia yeye, na unasubiri. Mpaka mjumbe huyo aguse mtulinga wake, kuthibitisha kwamba msikilizaji yupo na amekaa, tukio halisogei.

"Na muda wote huo mwenye msiba hajui," Mkaguzi alisema.

"Hajui."

"Lakini mwingine anajua."

"Mjumbe anajua."

Akavua miwani. "Sikiliza, dada. Sikuja hapa na chuki. Lakini mimi, kama ni mama yangu, nataka kujua palepale. Niwe nimesimama, niwe nakula, niwe naongea na waziri. Mama yangu ni wangu. Sitaki mtu akae na habari yake mfukoni, ananichekea, huku mimi sijui."

Alilisema kwa moyo wote, na lilinichoma kwa sababu halikuwa la kipuuzi. Kisha, kama aliyeona amepandisha sauti, akafungua begi na kunionyesha shali ya zambarau. Alikuwa amemletea mama yake, Bi Tupokigwe, aliyekuwa akiishi palepale Masoko. Mama hakujua kama mwanawe yuko Rungwe. Akitoka kwangu angempitia dada yake Bupe kule mashamba ya chai, kisha wote wawili wakamshtue mama.

"Halafu kuna mlalamikaji," akaongeza. "Nimemwita. Nadhani ndiye anayepanda ngazi."

*

Mama Lugano alikuwa amefiwa na mumewe mwezi uliopita. Tulifahamiana kanisani, sauti yake ya kwanza ndiyo inayobeba kwaya. Alikaa, akakataa chai, akaniangalia mimi badala ya Mkaguzi.

"Mdogo wangu, siku ile nilikuwa sokoni nanunua dagaa. Muuzaji akanijazia mara mbili ya nilichotaka, na usoni haniangalii. Nikafurahi! Nikamwambia ubarikiwe. Nikampita fundi cherehani, namsalimia, anainamia mashine. Njia nzima watu wananikwepa, na mimi natembea na dagaa wangu nacheka peke yangu. Mume wangu alikuwa ameshakufa, Tusekile. Soko zima linajua, linanitazama ninavyocheka."

Nililiona kosa kabla hajamaliza. Nilipoandika Kiti niliwaza kama mtu wa kwetu, na kwetu haendi mtu mmoja kwenye msiba. Tunakwenda kwa wingi, na mikeka yetu. Basi nikauagiza Mpitisho uzijulishe nyumba zote za jirani kwa pamoja ili wajumbe wakusanyike waende wote. Niliona ni upendo. Wakati wanakusanyika, Mama Lugano alikuwa anazunguka sokoni.

"Unataka nikiondoe Kiti?" nikamuuliza.

"Nani kasema ukiondoe? Ukuta ukiniambia nitashikwa na nani? Ukuta una mikono?" Akapiga goti lake kwa kiganja. "Mimi nataka niwe wa pili. Anitangulie mmoja tu, anishike mkono, aniambie. Msinifanye wa mwisho kwa mume wangu mwenyewe."

Niligeukia kibodi mbele yao wote wawili. Nikaziondoa nyumba za jirani, nikaweka mjumbe mmoja. Awe ndugu anayejua tayari. Kama ndugu yeyote hajajua, awe mtu aliye karibu zaidi na mfiwa wakati huo. Wengine wote wasubiri mpaka mfiwa aambiwe. Nikajaribu kwa vitoa vya bandia, nikajaribu tena, kikafanya kazi kama maji kwenye mfereji.

"Tayari," nikasema. Kiburi kilikuwa kimeanza kunirudia. "Ni mistari miwili tu."

"Mistari miwili! Na ulikuwa unasubiri nini?" Mama Lugano akainuka, akanifinya shavu kama mtoto. "Ndaga fijo, asante sana, mdogo wangu. Jumapili usichelewe mazoezi."

Alipoondoka, Mkaguzi aliisoma mistari ile. "Kazi nzuri," akasema. "Naisifu kutoka moyoni. Lakini nitaandika kiondolewe. Sheria haisemi wa pili. Inasema mara moja."

"Andika. Ila mpaka utie saini, kiache kifanye kazi."

"Mpaka nimalize chai," akasema, na akatabasamu.

*

Alikuwa amesimama dirishani, kikombe mkononi. Mvua ilikuwa imepungua na upande wa Masoko jua lilikuwa linawaka. Alikuwa ananieleza jinsi mama yake alivyoikataa mashine ya kuchambua maharage ambayo yeye mwenyewe alimnunulia. Mama alisema mashine haina hadithi za kusimulia, na kuchambua bila hadithi ni adhabu.

Mtulinga wangu ukatetemeka mara tatu.

Mitetemo ile niliichagua mwenyewe. Niliitaka iwe mizito kuliko yote ili mjumbe asiifananishe na kitu kingine. Nikatazama kioo, na Mkaguzi akiwa bado amenipa mgongo nikasoma. Tupokigwe, wa Masoko. Alikuwa juani kwenye mkeka, anachambua maharage na jirani yake, moyo ulipunguza mwendo taratibu, hakukuwa na dalili ya maumivu. Jirani yuko naye. Watoto: Anyelwisye, Bupe. Wote hawajajua. Mtu aliye karibu zaidi na Anyelwisye: Tusekile.

"Shali hii nayo ataisema," Mkaguzi alikuwa anaendelea. "Ataniambia zambarau ni ya wasichana. Halafu Jumapili utamwona nayo kanisani, hamtazami mtu."

Nilishikwa na hofu, na ndani ya hofu nilikuwa na hasira. Mtu huyu alikuwa ameniambia kwa kinywa chake anachotaka. Palepale. Niwe nimesimama. Nikikaa na habari ya mama yake mfukoni, hata kwa muda wa kumeza chai, ninafanya lilelile alilonikataza. Na nikimwambia sasa hivi, amesimama dirishani na kikombe cha moto, mama mwenyewe ametajwa mdomoni mwake, je, tofauti yangu na ule ukuta wa Kiwira ni nini? Nilikuwa nimejivuna kwa ajili ya Kiti miaka yote bila kukikalia.

Nikaamua kumtii. Habari ni yake. Niliinuka, nikafungua kinywa nimwambie, nikasikia nikisema, "Kaka, naomba maji ya kunywa."

Birika la maji lilikuwa mezani, hatua chache tu kutoka kwangu. Aligeuka akitabasamu, akaanza kulisogelea, akakiweka kikombe cha chai chini ili ashike bilauri. Halafu mkono wake ukasimama.

Asubuhi nzima alikuwa anasoma programu yangu. Alizijua hatua zote.

Hakuniangalia. Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani ataniuliza ni nani, tangu lini, kwa nini simwambii, na angekuwa na haki. Badala yake aliinua birika kwa mikono miwili, akanimiminia bilauri ikajaa, akaniletea. Maji yakamwagika kwenye vidole vyangu. Nikanywa taratibu, kama inavyotakiwa. Akavuta kiti, akakaa, akaweka viganja juu ya magoti.

"Haya, dada," akasema. "Msikilizaji yupo."

Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono yote miwili. "Mama ametutoka, kaka. Alikuwa juani, anachambua maharage na jirani yake. Hakuumia."

Alilia kama watu wazima wanavyolia wakiwa mbali na watoto wao, bila kujificha. Mwili wake ukatetemeka. Ukuta, ambao haukuelewa lolote, ukasema mgeni anasikia baridi na kumwashia jiko. Nilipoweza kuachia mkono mmoja niligusa mtulinga wangu, nikathibitisha.

Punde akainua uso. Akashika chini ya shingo yake.

"Kimetetemeka mara tatu," akasema. "Mimi. Kwa nini mimi?"

"Ni Bupe," nikamwambia. "Sasa wewe ndiye ndugu anayejua."

*

Gari lilijiendesha taratibu kati ya mashamba ya chai. Mkaguzi alikuwa ameikunja shali mapajani. Mara moja tu alizungumza.

"Ningeweza kumpigia. Angejua sasa hivi."

"Ungeweza," nikasema. Niliona nimeshaongea vya kutosha siku hiyo kwa njia ya maji.

Bupe alikuwa uani anaanika mashuka, akitumia mwanya wa jua. Alipomwona kaka yake alitupa shuka kwenye kamba, akaja mbio amefungua mikono.

"Huyu naye! Hupigi hata simu? Ningechinja kuku! Na huyu dada ndiye nani, mbona hunitambulishi? Mama anajua umekuja? Hajui! Ee, leo atapiga vigelegele mpaka majirani waje!"

Nilimwona kaka yake akipokea maneno yale moja baada ya jingine bila kuyarudisha. Alimkumbatia kwa muda mrefu. Halafu akasema, na sauti yake haikukatika, "Bupe, mdogo wangu, naomba maji ya kunywa."

"Maji tu? Subiri nikuletee na maziwa ya mgando."

Akaingia ndani. Alikuwa anaimba, wimbo wa kwaya, sauti ya pili. Tulisikia kabati likifunguliwa, vikombe vikigongana, akichagua kile kizuri cha wageni. Niliona kidole gumba cha Mkaguzi kikitembea kwenye pindo la shali. Nilijua anachowaza, kwa sababu nami nilikuwa nakiwaza: kwamba humo ndani Bupe bado ana mama, na sisi wawili hapa nje tunajua kwamba hana. Mama Lugano angesema hata muda huu ni wake, tumeuchukua. Pengine ni kweli. Mwanamke wa Kiwira angesema vingine. Pengine naye ni kweli.

Bupe alikuwa amefika kwenye kiitikio. Nilisogea mlangoni nimwite, maana nilihisi tumechelewa, nilihisi sheria nzima inanitazama. Mkaguzi akanishika mkono.

"Mwache amalize," akasema.

Akamaliza. Maji yakamiminwa. Muda ule mfupi, tangu kabati lifunguliwe mpaka maji yaingie kikombeni, ndio kazi yangu yote. Mengine yote ni kupitisha tu, jambo ambalo kila mwanafunzi anaweza. Nilijivuna pale uani kama sijawahi kujivuna, na nilikuwa nalia, na sikuona kimoja kikikizuia kingine.

Bupe alitoka na kikombe mkononi, bado akitabasamu. Kaka yake alikuwa ameshakaa kwenye benchi na ameacha nafasi ya mtu mmoja kando yake.